Sikio la Kushoto la Nanjala

Jumatano kabla ya mazishi ya Nanjala, binti yake Mevis aliingia katika duka langu la ushonaji mjini Kakamega, akasubiri mteja aliyekuwa akijaribu sketi aondoke, kisha akaweka leso yenye fundo juu ya meza yangu ya kukatia. Sikuhitaji kuifungua. Nilivijua vilivyomo kwa mlio wake vilipogusa mbao: vizibo viwili vya mti, vipana kama kifuniko cha soda, vimezungushiwa waya wa shaba, vya kuvaliwa ndani ya tundu la sikio lililopanuliwa. Kimoja kiling'aa kwa kuguswa, kwa sababu mama yake alikivaa sikio la kulia tangu tukiwa wasichana hadi wauguzi walipomvua. Cha pili kilikuwa kimefifia. Hicho kilivaliwa mara moja tu, na siku hiyo mimi nilikuwepo.

"Anti Ruthi," Mevis alisema, "wewe ndiye ulikuwanga unampimia mum. Nipimie na mimi. Jumamosi nataka kusimama hapo kaburini na hizi zote mbili."

Akasogeza nywele nyuma. Masikio yake yalikuwa na vizibo vyeusi vya plastiki alivyoagiza kwa simu, unene wa kalamu ya biki, kulia na kushoto sawa kabisa, ngozi safi, hakuna wekundu. Ilikuwa kazi nzuri ya mtu mwenye subira. Lakini kutoka kalamu ya biki hadi kifuniko cha soda ni safari ya miaka, na yeye alinijia na safari hiyo Jumatano akitaka kufika Jumamosi.

"Nimeona kwa video mtu akiruka saizi," alisema. "Unapaka mafuta, unasukuma pole pole tu."

"Pole pole ya mpaka Jumamosi?"

Alikuwa na uso wa mtu aliyelia mpaka kilio kikamchosha. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi. Niliivuta leso upande wangu wa meza nikamwambia akae kitini, kwa sababu kuna mwaka mmoja ambao mama yake alikuwa hapendi usimuliwe, na sasa hakuwepo wa kunikataza.

Mwaka ule tulikuwa wasichana wawili tunaojifunza kushona kwa fundi mmoja karibu na soko, na tulikodi chumba kimoja mtaani Amalemba. Ninaweza kutembea ndani ya chumba kile hadi leo nikiwa nimefumba macho: mlango uliokwaruza sakafu, kitanda kimoja tulicholala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni kwake, jiko la makaa chini ya kamba ya nguo, hivyo kwamba kila blauzi tuliyokuwa nayo ilinuka vitunguu. Jioni tulisonga obusuma, ugali mgumu wa kwetu, tukaula na mboga ya mrenda, na Nanjala alikuwa na tabia ya kula akiwa amesimama mlangoni ili asipitwe na habari za ploti. Habari zenyewe hazikuwa mbali. Mwenye nyumba, Mama Eliza, alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, na kila alichomwambia dada yake kwake sisi tulikipata kwetu. Alitusema kana kwamba tumeshahama. Huyu mnene anaringa, huyo ni mimi, na huyu mwingine anapanua masikio kama Wanandi wa zamani, siku moja atatuletea na ng'ombe humu ndani. Nanjala alicheka mpaka akashikilia ukuta ule ule. Alikuwa mtu wa kucheka kitu chochote, na hilo ndilo lililonichelewesha kujua kwamba ana maumivu.

Ni kweli alikuwa anapanua masikio, na mwalimu wake alikuwa Kukhu, yaani nyanya yake, kule Butali. Kukhu alizaliwa upande wa Nandi akaolewa kwenye miwa, kwa Wakabras, na alikuja na masikio ya kwao, ndewe zimevutwa mpaka karibu na mabega, na vizibo vile vya shaba ndani yake. Wazee wa kanisa la mume wake walimwambia hawezi kubatizwa na masikio ya aina hiyo. Basi akapelekwa kwa dresa wa zahanati, nyama ikakatwa, iliyobaki ikashonwa, akabatizwa na bandeji kichwani. Mimi nimeuona ule mshono. Nilikuwa ndiyo kwanza najifunza pindo, na hata mimi niliona ni kazi mbaya, kulia umepanda juu, kushoto umevutwa nyuma. Vizibo alivificha ndani ya chungu cha mbegu, na mabinti zake wote walipokataa kuvisikia, alivitoa akamwonyesha mjukuu, akampa avitunze. Nanjala hakuwahi kuniambia alivitazamaje siku hiyo ya kwanza. Alisema tu kwamba Kukhu alilia, na kwamba hajawahi kumwona akilia hata kwa maiti.

Masharti yalikuwa machache na Nanjala aliyashika yote. Masikio yote mawili huongezwa siku moja. Sikio moja likikataa, la pili linalingoja, hata kama lenyewe liko tayari. Damu ikitoka, unarudi kwenye kijiti cha nyuma na unakaa hapo mpaka ngozi isahau. Maji ya chumvi vuguvugu asubuhi, samli kidogo jioni, na kusugua kwa vidole, kuzunguka, bila kuvuta. Vijiti alichonga mwenyewe kwa mti wa mpera, akavilainisha kwa kipande cha chupa mpaka ukivipitisha mdomoni huoni mkwaruzo. Alianza na unene wa njiti ya kiberiti, akaja penseli, akaja kidole cha mtoto. Mimi sikuwa na haja na masikio ya mtu, lakini nilikuwa na futi ya kushonea shingoni na sipendi kitu kilichokwenda upande. Kila alipobadilisha kijiti nilimkalisha kwenye mwanga wa mlango nikapima, toka shavuni hadi ukingo wa tundu, kulia halafu kushoto. La kushoto lilikuwa gumu kidogo siku zote. Tuliliita mkwe, kwa sababu lilitaka kubembelezwa. Basi lile la kulia likangoja, na mambo yakaenda hivyo, taratibu, na yalikuwa mazuri kuyatazama.

Halafu Kukhu akaugua. Tumbo lilimvimba na chakula kikakataa kupita. Tulianza kwenda Butali kila Jumamosi. Matrekta ya miwa yalikuwa barabarani, harufu ya molasi kutoka kiwandani imekaa juu ya kila kitu, na Kukhu amelazwa kwenye godoro jikoni kwa sababu alikataa nyumba kubwa ya bati. Walimpikia ingokho, kuku aliyechemshwa mpaka nyama ikaacha mifupa, naye akanywa vijiko viwili vya supu akageuza uso. Siku moja nilikuwa nje ya dirisha la jikoni nachambua mboga, na wao walikuwa ndani wakidhani nimekwenda mtoni.

"Lete hiyo sikio nishike," Kukhu alisema. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, aliona kivuli tu. Akalipapasa. "Bado ni ndogo. Unangoja nini?"

"Wewe ndiye ulisema ningoje, Kukhu."

"Sisi tulikuwa tunangojanga kwa sababu tulikuwa na siku. Mimi siku sina. Unataka nikufe sijaona?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Hawa wote walinishona, hakuna mtu aliniuliza. Wewe peke yako ndiyo utanifungua. Fanya halaka, mukhana, msichana wangu."

Alilitamka hivyo, halaka, na neno hilo sijawahi kulisamehe. Ndiye aliyejua kila sharti. Ndiye aliyeyatia kichwani mwa Nanjala. Mtu mwingine yeyote angemwambia Nanjala aharakishe ningesema hajui. Yeye alijua, na akasema.

Na njia aliitoa yeye. Kwao, alisema, msichana akichelewa walitumia moyo wa tete la bwawani, wakaukausha, wakaupachika tunduni ukiwa mwembamba, nao ukanywa jasho la sikio ukafura wenyewe, bila mtu kusukuma. Lakini bwawa la Butali lilikuwa limeshatolewa maji na kupandwa miwa kabla sisi hatujazaliwa. Tete halikuwepo. Kulikuwa na miwa, ukuta wa miwa kuanzia nyuma ya choo hadi macho yanapokomea. "Hiyo nayo si bua?" Kukhu aliuliza. Nanjala alikata muwa, akaumenya, akatoa vipande viwili vya ndani, akavianika juu ya bati la jikoni mpaka vikawa vikavu na vyepesi. Kila mtoto wa Butali anajua kutafuna muwa. Hakuna aliyefikiri kwamba ukikausha muwa, maji yanaondoka na sukari inabaki.

Siku za kwanza ilifanya kazi kweli, na hilo ndilo lililotumaliza. Masikio yalifunguka zaidi kwa wiki moja kuliko yalivyofunguka kwa miezi. Nanjala aliimba akipiga pasi. Nilipima, nikaona kulia kumekwenda mbele na kushoto kumebaki, nikamwambia, mkwe amekataa, toa vyote viwili urudi kwenye mpera. Akasema Jumamosi hii akitoa, Jumamosi ijayo hana mtu wa kumwonyesha. Nilimwambia tena nikiwa na hasira, tukalala bila kuagana. Asubuhi niliamka kwa kutekenywa mguuni. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta, wakapanda kitandani, wakanipita mimi kama jiwe, wakafuata ukingo wa blanketi hadi kwenye mto aliolalia Nanjala. Walikuwa wanaingia nyuma ya sikio la kushoto na kutoka. Naye alikuwa amelala.

Tuliwaosha kwa maji ya chumvi. Alikataa nisiutoe muwa. Kufikia katikati ya wiki chumba kilinuka. Harufu yenyewe haikuwa ya kidonda, na ndiyo maana ilinitisha zaidi. Ilikuwa tamu, nzito, harufu ya kitu kilichotiwa kwenye mtungi na kuachwa mpaka kikachacha. Nyuma ya ukuta Mama Eliza alimwambia dada yake kwamba wasichana wale wameanza kupika pombe, halafu akaja mwenyewe akasukuma mlango.

"Mnapika nini humu? Hii halufu ni ya pombe. Mimi ni mtu wa kanisa, sitaki polisi kwangu."

"Hatupiki kitu, Mama Eliza," Nanjala alisema. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani mpaka chini ya kidevu.

Mama Eliza alichungulia chini ya kitanda, ndani ya sufuria, hata ndani ya ndoo ya nguo chafu. Alipompita Nanjala alisimama, akavuta pumzi, akakitazama kile kitambaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Mwanangu, wewe unaoza." Akatoka. Alirudi na majani ya mpera yaliyochemshwa ndani ya bakuli lake zuri, lile la wageni. Nanjala alilinywea uji kesho yake. Dawa aliimwaga, kwa sababu ingemlazimu kutoa muwa.

Jumamosi tulikwenda. Sitaeleza alivyoviingiza vile vizibo vya shaba, ila kwamba cha kulia kiliingia kwa shida na samli, na cha kushoto kiliingia kwa kuwa pale hapakuwa tena na nyama ya kukizuia. Nilimshika mabega. Aliuma kanga. Halafu akafuta uso, akafungua kile kitambaa, akaingia jikoni akitembea wima kama bibi harusi, akapiga magoti kando ya godoro.

"Kukhu, nimevaa."

Mikono ya mzee ilitoka chini ya blanketi. Ilikuwa mifupa tu. Ilianza kulia, ikakigusa kizibo, ikazunguka waya, na uso wake ukafanya kitu ambacho nakiri kilikuwa kizuri, ukarudi kuwa wa msichana. Kisha vidole vikaenda kushoto. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mwanga ukiwa mgongoni kwangu, na niliona. Viligusa vikasimama. Sikio lile lilikuwa la moto kiasi kwamba mimi nililisikia joto lake nilipokuwa nyuma ya Nanjala njiani. Lilikuwa limelowa. Vidole vilikaa pale, havikusogea, kwa muda wa kumtosha mtu kuamua jambo. Kisha Kukhu akairudisha mikono yake chini ya blanketi, akaifuta huko, mtu asione.

"Yako sawa," alisema. "Yako sawa sawa. Sasa wacha nilale."

Alikufa kabla ya wiki kwisha. Siku aliyozikwa, Nanjala alikuwa hospitalini Kakamega na homa ya kuzungumza peke yake, kichwa kimefura upande mmoja mpaka jicho limefungwa. Daktari alikata ndewe yote ya kushoto na kipande cha juu yake, akasema amshukuru Mungu sumu haikufika ndani. Nilikaa kwenye benchi nimeshika vizibo viwili ndani ya leso, nikanusa mikono yangu, ilikuwa bado tamu. Nanjala hakuwepo kumwaga udongo. Yule mtu ambaye yeye alimtolea sikio lake walimzika bila yeye, na kule Butali mashangazi zake wakasema msichana wa mjini amekosa heshima, hata kumzika nyanya yake hakuja.

Baadaye, kwa miaka, tuligombana juu ya vile vidole. Mimi nilisema alijua. Nilisema alilishika sikio linaloungua, akajua ni nini, na akanyamaza kwa sababu alitaka kufa akiwa na furaha. Nanjala alisema hakujua, mikono ya mgonjwa haina hisi. Siku nyingine, akiwa amechoka, alisema hata kama alijua, basi. "Alifurahi, Ruthi. Wewe hukumwona uso?" Niliuona. Ndiyo shida yangu. Alivaa kile cha kulia maisha yake yote, akaangusha nywele upande wa kushoto, akawa anageuza kichwa kila mtu akimnong'oneza. Alimficha mume, akamficha mtoto, akasema alizaliwa hivyo. Rafiki yangu alikuwa mkaidi, na nampenda, na bado nasema alidanganywa.

Hayo ndiyo niliyomwambia Mevis, yeye akiwa kwenye kiti cha wateja. Nilimwambia mpaka sisimizi. Alijishika sikio la kushoto bila kujua kwamba amejishika. Nilidhani nimemaliza kazi. Kisha akanyoosha mkono.

"Nimesikia, Anti. Lakini mimi situmii muwa. Nipe. Mum alitaka vikae pamoja, viwili, alisema hata kwa simu. Sitaki azikwe kama hakuna mtu amevivaa."

"Mama yako amekufa, Mevis. Hana haraka tena."

"Nipe vitu vya mamangu."

Nilichukua leso, nikaitia kwenye droo ya mashine ya kushonea, nikafunga, nikavaa ufunguo shingoni pamoja na futi. Alipiga kelele. Aliniita mwizi, na fundi wa duka la pili akaja kusimama mlangoni kuona kuna nini. Nilimwambia mtoto yule kwamba siku ambayo kidole gumba changu kitapita katika masikio yake yote mawili bila kugusa ukingo, nitamfungulia droo. Kabla ya hapo akawaite polisi.

Jumamosi nilikwenda Butali kumzika rafiki yangu. Miwa ilikuwa imekatwa, mtu aliweza kuona hadi kiwandani. Walikuwa wamemfunga Nanjala kitambaa cheupe kilichofunika masikio, na sikumlaumu aliyefanya hivyo. Mevis alipita mbele yangu mara nyingi akigawa maji, na kila mara aliniruka akampa wa pembeni yangu. Nyuma ya hema niliwasikia mashangazi: yule fundi wa Kakamega amekula mali ya marehemu, na maiti haijapoa. Nilikaa mpaka mwisho. Nilimwaga udongo wangu. Nikamwaga na mwingine, wa zamani, ule ambao Nanjala alikosa kumwagia Kukhu, ingawa sikujua naumwaga kwa ajili ya nani.

Mevis hajaniamkua hadi leo. Lakini kila mwisho wa mwezi simu inalia, nafungua, nakuta picha mbili, sikio la kulia na sikio la kushoto, bila salamu, bila neno. Nazikuza kwa vidole. Natafuta wekundu. Naweka futi juu ya kioo cha simu, upuuzi wa mzee, napima shavuni hadi ukingoni, kulia halafu kushoto. Anichukie, si neno, mradi ananichukia akiwa na masikio mawili. Kisha namjibu lile ambalo palipaswa kuwa na mtu wa kumwambia mama yake mle jikoni.

"Bado," naandika.